Nyuki Ndani ya Kibao

Bibi Kitabu, kama wifi zake walivyomwita kwa utani, alikuwa na sauti ambayo hata akisoma maelezo ya dawa ya mbu ungependa aendelee. Kwa sauti hiyo aliomba kazi ya kuwasomea hadithi wasioona, kwenye maktaba iliyokuwa ikirekodi vitabu. Aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukampaa. Lakini msimamizi aliirudisha rekodi yake ya kwanza. "Sauti tamu, ila kuna nyuki ndani. Lete nyingine leo, jioni tunachagua."

Nyuki mwenyewe alimjua. Ni kile kibao chenye feni mbili kilichokaa chini ya kompyuta yake kuukuu. Bila kibao, kompyuta ilipata joto na kuzimika katikati ya sentensi. Akakizungushia taulo. Nyuki akanyamaza kweli, na baada ya muda kompyuta nayo ikanyamaza, maana hewa ingepita wapi?

Akaondoa taulo, akaiwasha kompyuta upya, akakiinua kibao mkononi feni zikiwa zinazunguka. Ajabu, kelele zikapungua. Akakirudisha mezani, ngurumo. Hapo udadisi ukamshika kuliko hata wasiwasi, akainama na kubandika sikio kwenye ubao wa meza.

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni akikunja nguo. Tangu afiwe na mumewe na kuhamia hapa, mama huyo maneno alikuwa nayo, kicheko hakuna.

"Mwanangu, meza inasemaje?"

"Inalalamika, mama."

"Iambie ipange foleni, mimi nilianza."

Kumbe meza ndiyo ngoma, aliwaza, lakini mpigaji ni nani? Akachukua kijiti cha ufagio na kuizuia feni ya kushoto. Mvumo uleule. Akaizuia ya kulia, kimya. Akafungua skrubu na kuchungulia. Nusu ya mapanga ya feni ile yaling'aa, nusu yamevaa vumbi zito kama sufi. Akakumbuka: wiki iliyopita alipenyeza kitambaa kwenye wavu, akafuta yale aliyoyafikia, akajipongeza na kwenda zake. Upande mmoja mwepesi, upande mmoja mzito, feni itaachaje kuyumba? Kikulacho ki nguoni mwako. Alijicheka mwenyewe, akayafuta yote, moja baada ya jingine.

Mvumo ukabaki mdogo, lakini meza bado iliukuza. Palihitajika kitu laini cha kukatiza mtikisiko. Chini ya benchi aliona ndala iliyokatika ukanda, akaikata vipande na kuvipachika kwenye pembe za kibao. Akagusa meza kwa kiganja. Imetulia.

Akavuta pazia la mlango, akarekodi hadithi ya jogoo aliyegoma kuwika mpaka ajengewe jukwaa. Alipomaliza alivaa spika za masikioni na kusikiliza. Nyuki hakuwepo. Ila pale jogoo anapoanguka kutoka jukwaani, nyuma ya sauti yake, mtu alicheka. Kicheko kidogo, cha kujizuia, kisha kikamshinda mwenyewe.

Akafunua pazia. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, mguu mmoja umevaa ndala, mwingine mtupu.

"Nilikuja kuulizia ndala yangu," alisema, akitazama pembeni. "Na huyo jogoo, aliwika?"

Bibi Kitabu alijisikia kulia na kucheka kwa pamoja. "Kaa hapa, mama, nisome tena. Ila safari hii usinicheke."

"Nitajitahidi."

Alijitahidi kweli, akiuma ncha ya kanga. Rekodi hiyo isiyo na kicheko ikaenda, na kabla jua halijazama msimamizi akajibu kwamba nyuki ametoka, kazi ni yake.

Ile yenye kicheko hakuifuta. Mumewe aliporudi, alimwekea. Mumewe akasikiliza akiwa amesimama, viatu miguuni, begi begani, mpaka pale jogoo anapoanguka.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema.