Mlio wa Mashine ya Mama

Kuna watu wakiona kitu kimechakaa hawapati raha mpaka wakitengeneze, na Bwana Vumbi alikuwa mkubwa wao. Jina hilo alipewa na majirani, naye hakulikataa. Katika chumba ambacho watu wenye akili zao wangeweka kitanda cha wageni, yeye alipanga mashine za kufyonza vumbi kutoka sakafuni hadi darini. Za chuma zenye umbo la pipa zilikuwepo, na za mfuko wa kitambaa unaovimba zikiwashwa, na za plastiki zenye kikombe kinachokuonyesha uchafu wako mwenyewe, mpaka kile kidude cha duara kinachotembea peke yake na kukwama chini ya kabati. Siku za mapumziko alimwaga unga na chumvi kwenye kipande cha zulia, akapitisha mashine ya zamani upande huu na mpya upande ule, kisha akapiga magoti kutazama kilichobaki. Ukimkuta hapo ungedhani amedondosha pete ya ndoa, kumbe hata mke hana.

Katika mashine zote hizo, moja tu haikuwa yake. Ile ya kijani, nzito, yenye gurudumu moja lililofungwa kwa waya, ilikuwa ya mama.

Mama alishafariki, lakini baba hakujua. Yaani siku ya mazishi alijua, akalia kama sisi wote tunavyolia, kisha akili yake ikaanza kumtoka kidogo kidogo na habari ile ikatoka nayo. Kila aliyemkumbusha alimfanya afiwe upya. Alasiri ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alizunguka nyumba nzima akifungua kabati na kuchungulia bafuni, akimwita mkewe, mpaka siku moja dada, dada mkubwa wa Bwana Vumbi, alipoiwasha ile mashine ya kijani sebuleni ili aondoe makombo tu. Ikalia kama ilivyolia miaka yote: mngurumo mzito chini, na juu yake mlio mwembamba kama wa birika linalochemka. Baba akasimama. Uso ukamlegea.

"Kumbe yuko humo anasafisha," akasema, akaenda zake kujilaza.

Tangu hapo mashine ikawa dawa ya alasiri. Dada alimwambia mdogo wake jambo moja tu, tena akimnyooshea kidole: "Hizo nyingine fanya utakavyo. Hii ya mama usiiguse."

"Siigusi, dada."

Akaigusa.

Wa kulaumiwa, ukimuuliza yeye, ni Profesa. Profesa hakufundisha popote. Aliitwa hivyo kwa ubishi. Naye alikusanya mashine hizo hizo, na siku walipokuwa wakiongea kwa simu aliusikia ule mlio nyuma ya mazungumzo. "Beringi imekufa hiyo," akasema. "Wewe fundi mzima unaishi na aibu kama hiyo ndani ya nyumba?" Kisha akaahidi kuja kuutazama mkusanyiko wote wiki hiyo hiyo. Neno aibu lilimkaa Bwana Vumbi kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi dada alipokwenda sokoni na baba akiwa bado kitandani, aliifungua mashine ya mama juu ya meza ya jikoni.

Tuseme ukweli, alifurahi. Alilegeza skrubu moja moja, akaitoa mota, akaivuta ile beringi, kipete cha chuma chenye gololi ndani kinachobeba mhimili wa mota. Ilikuwa kavu, haina grisi hata ya dawa. Akaitupia kwenye kopo la vyuma vyake vilivyokufa, maana kutupa hakujua, akaweka mpya. Kisha akakitazama kichwa cha mashine, kile kinachopita sakafuni. Kona yake ya kushoto ilikuwa imegongeka mpaka rangi imebanduka. Ya kulia ilikuwa safi kabisa.

"Mama naye," akanung'unika, "hakuwa na huruma na chombo." Akachukua msasa na kuilainisha kona ile.

Alasiri ilipofika, na dada hajarudi, aliipeleka sebuleni na kuiwasha. Ikanguruma laini, bila mlio wowote. Bwana Vumbi akatabasamu peke yake. Alikuwa anatafuta simu ampigie Profesa pale aliposikia sauti nyuma yake.

"Nani yumo humu ndani?"

Baba alikuwa amesimama ukumbini, shati limefungwa vifungo upandeupande.

"Ni mama, baba. Anasafisha."

"Mke wangu namjua." Baba aliitazama mashine, kisha akamtazama mwanawe, na hofu iliyokuwa machoni mwake ilimkata Bwana Vumbi maini. "Wewe ni nani? Mmemfanya nini mke wangu?"

"Baba, ni mimi..."

Mzee alirudi kinyumenyume hadi chumbani kwake, akaufunga mlango na kuzungusha ufunguo. Kisha Bwana Vumbi akasikia komeo la dirisha likivutwa, na roho ikamruka.

Walikuwa ghorofa ya tatu. Dirisha lile halikuwa na nondo. Mama alikataa nondo kwa sababu hapo ndipo alipokung'utia mazulia.

"Baba, usifungue dirisha!"

"Nitatoka niite watu!" mzee akapaza sauti. "Wezi wakubwa nyie! Nitatokea hapa hapa!"

Dada alifika mbio muda mfupi baadaye, vikapu mikononi, ameshamwona baba yake kutoka chini, nusu ya mwili ikiwa nje. Vitunguu vilitawanyika ukumbini. Hakupiga kelele. Aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kuongea polepole, kama anayembembeleza mtoto, huku mkono mmoja umemshika mdogo wake kwenye kola.

"Baba, rudi ndani kidogo, upepo mkali huo." Kisha kwa mnong'ono: "Umefanya nini?"

"Nimebadilisha beringi."

"Umebadilisha nini?"

"Ule mlio, dada. Niliutoa."

Dada alimwachia kola. Heri angempiga kofi. Alimtazama tu, na Bwana Vumbi akatamani sakafu ipasuke.

"Nivunje mlango?" akauliza.

"Akisikia mlango unavunjwa si ataruka? Fikiri!"

Alifikiri. Kwenye simu yake alikuwa na sauti ya mashine ile, maana mkusanyaji gani asiyerekodi? Akaitafuta upesi, akaiweka simu kwenye ufa, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mlio ukatoka mwembamba na mkavu.

"Mmemweka kwenye redio!" baba akalia ndani. "Mke wangu wamemtia kwenye redio!" Na dirisha likagonga ukuta.

"Zima! Zima hiyo!" Dada alikuwa na machozi sasa, lakini sauti yake kwa baba haikubadilika. "Baba, kaa kwanza. Nisimulie, mama alivaa nini leo?" Kisha akamgeukia mdogo wake. "Irudishe ilivyokuwa. Sasa hivi."

Alikimbilia jikoni na mashine mikononi. Ajabu ya mwili: mikono iliyokuwa ikitetemeka ilitulia iliposhika bisibisi. Mfuniko ukatoka, mota ikatoka, beringi mpya ikavutwa. Kisha akalimwaga lile kopo mezani. Beringi zilizokufa zilikuwa nyingi, zote za ukubwa mmoja, zote nyeusi kwa uzee. Miaka yote aliona fahari kutotupa kitu, sasa ile anayoitaka imejificha katikati ya takataka zake mwenyewe.

Akazishika moja moja, akazizungusha kwa kidole karibu na sikio. Hii ilikwaruza. Hii ilikwama. Hii ilizunguka kimya, hata hakujua kwa nini aliitoa. Kutoka ukumbini alisikia sauti ya dada ikianza kukatika: "Mguu ndani, baba. Rudisha mguu ndani, tafadhali." Akazungusha nyingine, na nyingine. Kisha moja ikaimba. Kwa sauti nyembamba tu, kama nzi ndani ya chupa, lakini aliijua kama anavyoijua sauti ya mama akimwita aje kula.

Akaigongea mahali pake kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Alipomaliza skrubu mbili aliziacha zingine mezani. Mtu aliyewahi kumgombeza Profesa kwa sababu ya skrubu moja!

Akaiburuta hadi ukumbini na kuiwasha.

Mlio ulipanda. Ulijaa ukumbi mzima, mbaya, mkali, wa kuumiza meno, na Bwana Vumbi hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Chumbani kukawa kimya. Dada akaweka jicho kwenye ufa wa mlango.

"Ameshuka dirishani," akamwambia kwa ishara ya mkono zaidi kuliko kwa maneno. "Amesimama."

Wakasubiri. Ufunguo haukuzunguka. Kisha baba akaongea, karibu kabisa na mlango, na sauti yake sasa haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kudanganywa mara ya pili.

"Kama ni yeye, mbona habishi hodi?"

Dada alimtazama mdogo wake. Hakuelewa. Alinyoosha mkono agonge mlango kwa vidole, na Bwana Vumbi akaudaka mkono ule hewani.

Maana alikuwa ameinama na kuona. Chini ya mlango, upande wa kushoto, mbao ilikuwa imebonyea. Mabonyeo madogo, mengi, yamerundikana mahali pamoja, kwenye kimo cha kichwa cha mashine. Ile kona aliyoipiga msasa asubuhi, kona ya kushoto peke yake. Kwa mashine inayonguruma hivi, nani angesikia vidole? Yeye, msomaji wa mikwaruzo, anayeweza kukutajia mwenye mashine alikuwa wa mkono gani kwa kutazama mpini, alikuwa amemwita mama yake mharibifu.

Akaisukuma mashine. Kona ya kushoto ikagonga mlango, mara mbili, katikati ya yale mabonyeo.

Ufunguo ukazunguka.

Baba hakutoka. Mlango ulipofunguka alikuwa anarudi kwenye kiti chake, polepole, bila kuwatazama. Dada alipita nyuma yake kama kivuli, akafunga dirisha, akasukuma komeo, kisha akabaki amelishikilia kwa mikono miwili huku mabega yakimtikisika. Mzee akaketi. Akashika mikono ya kiti. Halafu, kwa taabu, akainua miguu yote miwili juu na kuiacha hewani, magoti yakitetemeka, akingoja.

Bwana Vumbi hakuwa na la kufanya ila kusukuma. Alipitisha kichwa cha mashine chini ya miguu ya baba yake, kwenda na kurudi, na hapakuwa na vumbi lolote pale. Machozi yalimtiririka akayaacha.

"Ulikuwa wapi?" baba akauliza, macho yake yakiwa kwenye mashine.

Kwa mara ya kwanza siku ile, Bwana Vumbi hakusema ni mimi, baba.

"Nilikuwa hapa hapa," akajibu. "Haya, shusha miguu."