Bakuli la Baba la Saa Nne

Katika familia ile sherehe haikupangiwa tarehe mpaka Dada Mkubwa aulizwe kama ana nafasi. Harusi, mtoto kuzaliwa, mtu kuhamia nyumba mpya: yeye ndiye aliyeshika mwiko. Siku za kazi alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, lakini watu walimjua zaidi kwa sufuria zake kuliko kwa cherehani. Shemeji zake walipenda kumtania kwamba wao hawakuoa mabinti wa mzee, walioa mchuzi wa binti yake wa kwanza. Kwa hiyo Baba yao alipokaribia kutimiza miaka themanini, hakuna aliyeuliza nani atapika.

Na yeye hakuwaambia.

Miezi miwili kabla ya hapo, homa kali ya mafua ilikuwa imemlaza juma zima. Alipoinuka, pua ilikuwa imezibuka lakini haikumletea kitu. Chai ikawa maji ya moto. Ndizi ikawa kitu laini tu. Kitunguu kilimtoa machozi kama zamani, ila harufu hakuwa nayo. Daktari alimmulika puani kwa kurunzi, akamwambia kwamba wengine hurudiwa na uwezo wa kunusa baada ya miezi, wengine baada ya mwaka, na wengine ndiyo basi tena. Dawa hakuna. Kisha akamwuliza anafanya kazi gani, na aliposikia ni mshonaji, akasema basi afadhali. Dada Mkubwa alirudi nyumbani akilirudia kichwani lile neno “afadhali”.

Aliyejua ni mume wake peke yake, fundi wa saa, mtu mpole ambaye maisha yake yote alikula alichowekewa akashukuru. Sasa kila jioni alivutwa jikoni aonje. Alisimama na kijiko mdomoni, amekunja uso kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma, kisha akasema “ongeza” au “inatosha.” Alimsihi mkewe awaambie ndugu zake. Mke akakataa. Sherehe ya Baba ipite kwanza, alisema, kisha atawaambia wote kwa pamoja.

Siku moja kabla ya sherehe alinunua kilo kumi na tano za nyama, akazitia katika beseni kubwa, akalisukumia ndani ya friji. Mlango ulikataa kufunga. Akausukuma kwa nyonga, akausikia umebana, akaenda kulala. Asubuhi aliukuta umeachia upenyo wa kidole.

Aliigusa nyama. Haikuwa ya baridi, haikuwa ya moto. Juu ilikuwa inateleza kidogo. Kwa mazoea akainyanyua mpaka puani, akavuta pumzi. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Mume wake alikuwa ametoka tangu saa kumi na mbili kwenda kuleta viti na turubai. Akampigia, na simu ikalia chumbani, juu ya mto. Angeweza kumwita jirani anuse, lakini jirani angetaka kujua kwa nini mpishi mwenyewe asinuse, na kabla ya saa sita mtaa mzima ungekuwa na habari. Akasimama pale, beseni mikononi, kama mtu aliyepewa barua na hajui kusoma. Mwishowe akapiga moyo konde. Pengine mlango umeachia sasa hivi tu, alijiambia. Akaiosha nyama kwa siki na maji ya moto, mara mbili, akaibandika jikoni.

Baba alikuwa amekuja kulala pale tangu juzi. Alikuwa na vidonge vya presha vya kumeza saa nne, na havikutaka tumbo tupu. Saa ilipofika alikuwa amekaa sebuleni, shati jeupe limepigwa pasi, akiwasubiri wageni wake. Dada Mkubwa akampakulia bakuli la nyama na vipande viwili vya mkate, kisha akasimama mlangoni amwangalie. Siku hizi alikuwa amejifunza kusoma nyuso za watu wakila. Baba alitafuna taratibu, akatua kidogo, akaendelea. Alimaliza yote, akafuta bakuli kwa mkate.

“Iko sawa, Baba?”

“Umenipikia, mwanangu. Ahsante.”

Halikuwa jibu, lakini alilipokea kama jibu.

Mdogo wake wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alifika saa tano na keki. Wageni wa kwanza walikuwa wameshaanza kuingia uani. Kitinda alipita jikoni huku akicheka na mtu nyuma yake, kicheko kikamkatikia. Akaweka keki chini. Akafunua sufuria, akafunika haraka.

“Dada, nyama hii imeharibika,” alisema kwa sauti ya chini. “Hunusi?”

Dada Mkubwa aliweka mwiko chini.

“Sinusi,” alisema. “Tangu ile homa. Sinusi, wala sipati ladha ya kitu chochote.”

Kitinda alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Maswali yalikuwa yamemjaa usoni, lakini aliuliza moja tu: kuna mtu aliyekwishakula? Hapo Dada Mkubwa akakaa juu ya gunia la mchele, akasema, “Baba.”

Walimkuta Baba akipokea mikono ya wageni. Kitinda akamwinamia sikioni, akamwuliza kama ile nyama ya saa nne hakuisikia ina ladha mbaya.

“Niliisikia,” Baba alisema. “Lakini mwaka huu wote chakula kimekuwa kikinibadilikia mdomoni. Nikajua ni uzee wangu huo.” Akamgeukia binti yake mkubwa. “Wewe tangu lini ukapika kibaya?”

Kitinda alitaka wampeleke hospitali saa ile ile. Baba akakataa katakata. Watu wametoka mbali kwa ajili yake, na tumbo limetulia. Basi mambo yakaenda bila kumsubiri Dada Mkubwa. Sufuria ikatolewa kwa mlango wa nyuma, nyama ikafukiwa. Mume wake alipofika na viti aligeuzwa pale pale getini, akatumwa trei za mayai na mikate. Wageni waliambiwa sufuria imepinduka. Dada Mkubwa aliinuka akashika kisu akate nyanya, angalau. Kitinda akamtoa kisu mkononi polepole.

“Kaa tu, Dada,” alisema, na alisema kwa upendo.

Saa nane, katikati ya hotuba ya mkwe wake, Baba aliomba asaidiwe kuinuka, akatapika mlangoni juu ya shati lake jeupe.

Dada Mkubwa alikaa kwenye benchi la zahanati mpaka jioni, aproni bado imefungwa kiunoni. Muuguzi alikuja na karatasi, akauliza mgonjwa amekula nini, saa ngapi, na nani aliyepika. Alijibu yote matatu. Ndani, Baba alikuwa ametundikiwa dripu, macho ameyafumba, mkono umelala juu ya shuka. Dada Mkubwa aliuliza kama anaweza kumletea kitu. Akaambiwa hapana, hakuna cha kuleta.

Siku ya tatu mzee aliruhusiwa. Alirudi nyumbani akiwa hai, na kila mtu alishukuru kwa hilo, lakini miguu haikurudi kama ilivyokuwa. Alianza kutembea kwa kushika ukuta, na kusinzia mchana kutwa. Dada Mkubwa alimfuata daktari ampe jibu moja: ni nyama ile, au ni umri? Daktari akasema hawezi kujua, labda yote mawili. Alimrudia mara mbili, akapewa maneno yale yale.

Ndugu zake hawakumlaumu. Angelaumiwa, angalau angekuwa na la kujitetea. Walimhurumia, wakamletea majani ya kujifukizia na majina ya madaktari wengine. Alijifukiza, akaenda kwa wale madaktari. Hakuna kilichobadilika.

Mwishoni mwa mwaka mtoto wa Kitinda alihitimu chuo, na kwa mara ya kwanza sherehe ikapikwa nyumba nyingine. Kitinda alikuwa amempigia simu juma zima kuuliza vipimo, naye akavitaja vyote kwa kichwa, kijiko kwa kijiko. Siku yenyewe aliketishwa sebuleni pamoja na wageni, kando ya Baba. Mikono hakujua aiweke wapi.

Chakula kilipoletwa, Kitinda alitoka jikoni akijifuta jasho, akasimama mbele yake kama walivyozoea tangu utoto, ila safari hii wamebadilishana nafasi.

“Dada, ikoje?”

Papo hapo akakumbuka, akashika mdomo. Watu wa karibu wakaacha kula. Shemeji mmoja akajitia kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake. Baba peke yake aliendelea kutafuna, hakusikia.

Dada Mkubwa alitia kipande cha nyama mdomoni. Akakitafuna kwa muda mrefu, upande mmoja, kisha wa pili, akitafuta kitu cha kweli cha kumwambia.

“Laini,” alisema. “Imeiva.”