Ubao Ulikuwa Mtupu

Kobe alijua mambo yameharibika pale maji yalipoanza kumwagika kutoka juu. Si maji ya mpira walioingia nao, la. Haya yalikuwa maji mazito yanayorushwa kutoka nje kwa bomba kubwa, kupitia madirishani, yale ambayo hayarushwi kamwe kwenye jengo lenye mtu. Askari wa zimamoto haambiwi maana yake. Huko nje wameshahesabu watu wao, wamewaona wote, na sasa wanalizima ghala kama mtu anayezima jaa la taka.

"Jamani, na mimi je?" akasema ndani ya barakoa yake. Hakuna aliyemsikia.

Ilikuwa saa nne asubuhi na nje jua lilikuwa likiwaka, lakini ndani ya ghala lile la magodoro usingeuona mkono wako hata ukijizaba kofi. Walikuwa wameingia wawili, Kobe na Cheche, na walikuwa njiani kutoka. Cheche mbele, Kobe nyuma, kila mmoja ameushika mpira wa maji wasipotee. Ndipo rafu moja ya chuma ilipoinama na kuiangukia mwenzake, na katikati yao pakawa na mlima wa magodoro yanayotoa moshi mweusi. Cheche alibaki upande wa mlango. Kobe alibaki upande wa pili, mgongo kwenye ukuta wa mabati, buti la kushoto limebanwa na chuma.

Cheche hakugeuka nyuma. Na kwa nini ageuke? Kobe hachelewi kwa ajali, huchelewa kwa asili. Jina lenyewe alipewa siku yake ya kwanza kikosini, alipomaliza mbio za ngazi wenzake wakiwa wameshavua buti. Cheche ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mwepesi asiyetulia hata akiwa mezani. Kobe mwenyewe ndiye aliyemleta kwenye kazi hii na kumfundisha kila kitu.

Kila kitu, na hilo moja ambalo halikupaswa kufundishwa.

Sasa nikwambie habari ya ubao. Askari akiingia kwenye moto na mtungi wa hewa mgongoni, mlangoni huacha kibao chake, kidogo cha plastiki chenye jina. Askari wa ubao hukitundika na kuandika saa aliyoingia. Akitoka, mwenyewe hukichukua kwa mkono wake. Kwa mkono wake! Si kwa mkono wa mwenzake wala kwa kutumiana salamu. Kibao kikiwepo, mtu yumo. Kikiondoka, mtu katoka. Kwisha habari.

Na nani alikuwa akilifundisha somo hilo kwa makuruta? Kobe huyohuyo. Alikuwa akisimama mbele yao na kuwaeleza enzi za ndoo na kengele, watu walipopanga mstari kutoka kisimani, na moto ukishazimika mkubwa wao akaita majina, na asiyeitika ndiye wakajua amebaki ndani. "Kila kanuni ya kazi hii iliandikwa na maiti," alikuwa akiwaambia, na makuruta wakinyamaza kama maji mtungini.

Kumbe mwenyewe ana yake. Mkuu wa kikosi alikuwa na tabia ya kusoma saa za kutoka mbele ya gwaride zima. "Cheche, saa tatu na dakika kumi. Kobe, saa tatu na dakika kumi na nne. Kobe, ulikuwa unaagana na moto?" Watu hoi kwa kicheko. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anachekwa na vijana aliowafundisha kufunga kamba! Ilimuuma, asikudanganye mtu. Ndipo siku moja akamvuta Cheche pembeni.

"Shemeji, ukinitangulia kutoka, nichukulie na changu. Mimi nakuwa nyuma yako hapohapo."

"Si umesema haifai?"

"Nimewaambia makuruta. Wewe ni kuruta?"

Cheche akacheka, wakapigana viganja, na kuanzia siku hiyo saa zao zikawa sawa. Askari wa ubao walizoea, wakaacha kuuliza. Miaka mitatu hiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Kobe alikuwa amechimba chake kwa furaha kabisa.

Basi pale kwenye kona, maji yakimpiga kofia, alikiona kibao chake kama kipo mbele ya macho, kimo mfukoni mwa Cheche. Ubao ni mtupu. Mkuu ameutazama, ameridhika, ameamuru bomba kubwa. Redio za kikosi zilikuwa mbili tu, moja ya Mkuu na moja ya dereva. Yeye alikuwa na shoka na saa ya mtungi, na ile saa ilimwambia kwamba hewa iliyobaki haifiki dakika nane.

"Sema, shemeji," akanong'ona. "Waambie tu. Wacha wanifukuze kazi, wacha wanicheke mpaka wavunjike mbavu. Sema!"

Akavuta mguu. Buti haliendi. Akalegeza kamba, akajikunja, akavuta tena mpaka akaona nyota, na mguu ukachomoka ukaliacha buti palepale. Akapapasa mlima wa magodoro atafute upenyo, joto likamrudisha kama mtu aliyesukumwa kifuani. Kushoto chuma. Kulia chuma. Filimbi ya mtungi ikaanza kulia, ile inayokwambia toka sasa, na hapo hofu ikampanda hasa. Aliogopa, tena sana. Alimfikiria mkewe, akawafikiria watoto, akataka kulia akakumbuka kwamba kulia kunakula hewa.

Hakikubaki kitu ila ukuta. Akageuka, akashika shoka kwa mikono miwili, akaupiga.

Mabati ya ghala si mchezo. Pigo la kwanza lilimtetemesha mpaka kwenye meno. La tano likapasua mdomo kama wa sanduku la barua. Akachomeka shoka, akakanyaga mpini, akapinda, akapiga tena. Hewa ikawa nyembamba, barakoa ikamganda usoni kila akivuta pumzi. Mwanga ukaingia, mweupe wa mchana, na sauti ya mtu ikapiga kelele, "Kuna mtu! Fungeni maji! Kuna mtu huku nyuma!"

Walimvuta kwa mabega, mabati yakamchana mikono, naye akaanguka juu ya changarawe mguu mmoja una buti na mwingine una soksi. Akang'oa barakoa. Ah, hewa! Watu wakamzunguka, mmoja anamwagia maji, mwingine anamkumbatia. Mkuu alikuja mbio, uso umempauka.

"Kobe! Ubao ulikuwa mtupu! Nimeutazama kwa macho yangu!"

"Najua, mkuu." Akakohoa. "Shemeji yangu yuko wapi?"

Wakatazamana.

Dereva wa gari la maji ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayekumbuka ndoto. "Alikuja kwangu baada ya kutoka. Akanywa maji, akatazama huku, akatazama kule. Halafu akanitaka mtungi mpya. Nikamuuliza wa nini, akasema amesahau kitu, anarudi sasa hivi." Dereva akavua kofia. "Hiyo ni kabla hatujafungua bomba kubwa. Nilimwona anaelekea mlango mdogo wa ubavuni. Ubao ulikuwa mtupu, nikadhani alishatoka."

Kobe akaelewa yote kwa mara moja. Kijana hakupiga kelele. Angepiga kelele, Mkuu angeuliza kibao cha Kobe kimetokaje, na aibu ingemshukia shemeji yake mbele ya kikosi kizima. Alitaka kumtoa kimyakimya kabla mtu hajajua. Alitaka kumsitiri. Aliingia bila kuacha kibao, vyote viwili bado anavyo mfukoni.

"Yumo ndani!" Kobe akainuka. "Mkuu, yumo ndani!"

Watu wanne walimshika, naye alipigana nao kwa mguu wa soksi, akiwatukana matusi ambayo kwa siku za kawaida angeyaona mazito. Wawili wengine walikuwa wakifunga mitungi ili waingie. Walikuwa bado hawajafika mlangoni paa liliposhuka.

Walimpata baada ya adhuhuri, kwenye ule mlima wa magodoro, mikono imeuchimba nusu.

Jioni Mkuu alimpeleka Kobe nyumbani kwa gari lake. Kabla hajashuka, alimwambia bila kumtazama, "Taarifa naiandika mimi. Kijana aliingia bila kibao, ni kosa lake, na marehemu hashtakiwi. Una familia, Kobe. Usijiongezee mzigo."

Kobe akafungua mlango, akashuka. Mkewe alikuwa jikoni, peke yake, maana majirani walikuwa wamejaa sebuleni na hakutaka kutazamwa. Alikuwa mke wa askari kwa miaka kumi na miwili, na kazi aliijua.

"Kwa nini alirudi ndani?" akauliza.

"Kunifuata mimi."

"Na kwa nini aje peke yake? Kwa nini hawakuja wote?"

Hapo Kobe angeweza kusema lolote. Akasema kweli. Alieleza vibao, saa, kicheko cha gwaride, alivyomvuta kijana pembeni na maneno aliyomwambia. Alisema yote akiwa amesimama, na mkewe alimsikiliza ameshika ukingo wa sinki.

"Mdogo wangu kafa," akasema mwishowe, "kwa sababu hukutaka kuchekwa."

"Ndiyo."

Mkewe akaliachia sinki. Kisha akafuta uso kwa kanga. "Mimi sijui nitakufanya nini. Leo sijui. Lakini mama asijue. Umenisikia? Mwanawe kafa kishujaa, basi. Ukimwambia hili utanizikisha wawili. Ulibebe mwenyewe."

"Mkuu naye anataka ninyamaze. Mimi siwezi, nimepanga kesho niseme..."

"Nimesema mama asijue!"

Mlango ukafunguliwa na mama mkwe akaingia, ameshikiliwa na jirani. Mama yule hakuwa mtu wa kumgusa mkwewe, heshima yao ilikuwa ya kusalimiana kwa mbali. Lakini siku hiyo alimwendea moja kwa moja, akaishika mikono yake miwili yenye bandeji na kuibusu.

"Pole, mwanangu. Mungu kachukua mmoja, kaniachia wewe." Hakuiachia mikono. "Alikuwa akinisimulia kila akija kunisalimu. Mama, anasema, shemeji ndiye aliyenifundisha kazi. Kila kitu kanifundisha yeye. Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa kumfundisha."

Kobe alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimtazama yeye, hapepesi macho.

"Ndiyo, mama," akasema.