Vipindi vya Mwalimu Demetria

Jumatatu ya kwanza, Senami alioga maji ya ndoo uani kwa Bi Hamisa, Mbagala, akavaa sketi ya kijivu, akaketi barazani kusubiri. Barua ya mkuu wa shule ilisema aripoti saa moja. Saa yake ya mkononi ilipoonyesha moja, jua likiwa utosini, alichukua mkoba akaenda. Bi Hamisa alikuwa amemwona amekaa pale tangu alfajiri. Alidhani ndivyo walimu wa Benin wanavyoanza kazi.

Ofisi ya walimu ilikuwa karibu tupu. Ulikuwa mwaka 1994, na ikifika mchana walimu wengi walikuwa wameshakwenda kwenye shughuli zao: mmoja kwenye mabanda yake ya kuku, mwingine kwenye duka la vipuri la shemeji yake, wengine tuisheni. Alibaki mwanamke mmoja mwenye sweta ya buluu, anasahihisha madaftari ya Kifaransa.

"Umechelewa saa sita," alisema yule mwanamke, kwa Kifaransa safi. "Si kosa lako. Hapa tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza. Mimi ndiye Demetria. Umeletwa unisaidie."

Alimwonyesha kopo la chaki, kiti chake, na mahali paa linapovuja. Kisha akamweleza kwamba alikufa mwezi wa pili, kwa malaria, na amezikwa kwao Ndanda, kule Kusini.

Senami alikuwa na daftari dogo la mambo ya kuzoea. Chini ya "maji ya bomba hutoka Jumatano" aliandika: saa huanza alfajiri. Chini yake akaandika: mwalimu wangu ni marehemu. Hakujua lipi kati ya hayo mawili ni la nchi nzima na lipi ni la shule hii tu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wanafunzi walisimama wakasema, "Shikamoo, marehemu," kisha wakamgeukia Senami wakasema, "Shikamoo, madamu." Demetria alieleza somo, Senami akasoma kwa sauti, darasa likarudia. Ijumaa jioni Demetria alirudi kaburini, na Jumatatu asubuhi alikuwa ameshafika, viatu vina udongo mwekundu. Wiki ile mvua zilipofunga barabara ya Kusini na mabasi yakalala njiani Rufiji, yeye aliwahi.

Lililomshinda Senami lilikuwa mtaa. Wageni wengine waliokuja kufundisha lugha walijulikana kwa ngozi, wakasaidiwa. Yeye alisemeshwa Kiswahili cha haraka na kila mtu, na aliponyamaza walikunja uso.

"Mwanangu, watu wanasema unaringa," Bi Hamisa alimwambia, akigeuza vitumbua.

"Siringi, mama. Sielewi."

"Mie najua. Lakini sura yako ya Temeke hapa hapa, nani atakuamini? Ukipita, salimia. Hata kuku msalimie, ilimradi watu wasikie." Alipindua kitumbua kingine. "Na yule mwalimu wenu aliyekufa, anakula?"

"Hali."

"Afadhali. Shule ile hata wazima hawashibi."

Mwezi wa sita, wakati wa mapumziko, Demetria alifunga rejista.

"Nimechoka," alisema. "Mwezi wa nane ndugu zangu wanakuja kujengea kaburi. Saruji wameshanunua. Wakishafunika nikiwa huku, sitakuwa na pa kuingilia. Nataka nilale karibu na mama."

"Kwa nini usiende tu?"

"Bila kuruhusiwa? Nitakuwa mtoro kazini."

Barua ya ombi aliiandika Senami, kwa sababu sahihi ya marehemu haikubaliki. Demetria alimwonyesha namna yake: anwani ya mwombaji kulia, ya ofisi kushoto, na katikati, lazima, "kupitia kwa mkuu wa shule". Mstari huo ukikosekana barua hairudishwi wala haijibiwi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Leonardi, alikuwa mpole na mwenye chupa kubwa ya chai. Aliisoma barua mara mbili.

"Nami napenda apumzike," alisema. "Alikuwa mwalimu mzuri. Ni mwalimu mzuri. Lakini ajira zimesimamishwa, madamu. Akitoka huyu, sipewi mwingine."

"Wizarani wanajua kwamba amekufa?"

"Walichanga rambirambi."

Hata hivyo alipiga muhuri. Senami aliipeleka barua mjini mwenyewe, wizarani, akapanda hadi ghorofa ya tatu, akakaa kwenye benchi siku nzima, akaambiwa aje wiki ijayo. Wiki iliyofuata aliambiwa hivyo hivyo. Hakuelewa kama amekataliwa, kwa maana kila mtu alikuwa anamkaribisha. Katika daftari lake aliandika: karibu. Akaacha nafasi mbele yake.

Jibu lilifika mwishoni mwa mwezi wa saba. Mwalimu Leonardi alilisoma polepole ili Senami aelewe. Msaidizi aliletwa kwa jina la Mwalimu Demetria. Demetria akiachiwa, msaidizi atakuwa hana wa kumsaidia, na kibali chake kitakoma. Somo litabaki bila mtu. Kwa hiyo ombi limekataliwa.

"Basi mimi nirudi kwetu," Senami alisema. "Yeye aachiwe."

"Nimewauliza hilo kwa simu. Ukirudi, yeye atabaki peke yake kwenye somo. Mwalimu aliye peke yake kwenye somo haruhusiwi kuacha kazi." Akammiminia chai. "Kidato cha Nne wana mtihani mwezi wa kumi na moja. Vitabu walivyonavyo ni vitano tu."

Senami alikunywa chai. Ilikuwa tamu mno, lakini hiyo alikuwa ameshaizoea.

Alimweleza Demetria darasani, wanafunzi walipotoka. Demetria alifuta ubao wote kwanza, hadi kwenye kona.

"Ulikosea kitu kwenye barua?" aliuliza.

"Hapana. Niliandika kama ulivyonionyesha."

"Basi."

Kaburi lilijengewa Jumatatu, tarehe kumi na tano, Demetria akiwa darasani. Shangazi yake alituma picha kwa mtu wa basi. Saruji ilikuwa nyororo, msalaba umenyooka, jina limeandikwa kwa rangi nyeusi. Demetria aliishika picha kwa kingo zake ili isiingie chaki.

"Wamelijenga vizuri," alisema, akaingia Kidato cha Pili.

Ijumaa hiyo jioni hakuwa na pa kwenda. Senami alimpeleka nyumbani. Bi Hamisa aliwaona wakisimama mlangoni.

"Mwambie apige hodi kama watu."

Demetria alipiga hodi mara tatu, akakaribishwa, akapewa mkeka na upande wa dirisha. Asubuhi Bi Hamisa alimwekea kitumbua kwenye kisahani, kwa heshima, kisha akakila mwenyewe.

Jumatatu walitoka pamoja jua likichomoza. Senami alimsalimia kila mtu njiani, na watu waliitikia kwa wote wawili. Walifika saa moja kasoro dakika tano. Mwalimu Leonardi alikuwa anabandika ratiba mpya. Kibali cha Senami kilikuwa kimeongezwa mwaka mmoja. Demetria alikuwa ameongezewa vipindi sita, kwa kuwa sasa alikuwa anaishi karibu.