Mikono ya Taratibu

Treni ya saa kumi ilikuwa bado haijafika, lakini watazama treni walikwisha kujipanga kwenye daraja la waenda kwa miguu, viwiko juu ya chuma, chupa ya chai ikipita mkono kwa mkono. Mwalimu mstaafu, aliyeanzisha kundi hilo, alikuwa akibishana na kinyozi kama kichwa kinachokuja ni Kikohozi au Mtoro. Kila kichwa cha treni walikipa jina, na walikijua kwa sauti kabla hakijachomoza konani. Wapita njia waliwaona kuwa watu wasio na kazi ya kufanya. Wao hata habari hawakuwa nayo.

Mama Uzi, fundi cherehani, alikuwa mtu wa daraja hilo tangu usichana wake. Hapo ndipo dereva mmoja alipomwona kutoka chini kwenye treni, akampigia honi, mambo yakaenda hadi wakaoana. Kundi lilimbandika dereva huyo jina la Taratibu, kwa jinsi alivyosimamisha treni bila abiria kumwagikiwa chai. Basi treni yake iliposhindwa kusimama, ikagonga ukuta mwishoni mwa reli, ikaingia ukumbi wa tiketi na kumuua yeye na watu waliokuwa kwenye foleni, wakubwa wa reli walisema ni uzembe wa dereva. Darajani hakuna aliyeliamini neno hilo. Hakuna pia aliyewauliza watu wa darajani.

Honi ikalia. Ilianza kwa mkwaruzo, kisha ikanyooka.

"Huyo Bibi Harusi," kinyozi alisema.

"Bibi Harusi ndiye aliyegonga ukuta," Mwalimu alisema. "Tuliambiwa amepelekwa kuyeyushwa."

Bibi Harusi alikuwa mweupe. Kichwa kilichochomoza kilikuwa cha bluu, kina namba mpya, na rangi yake ilinuka hadi juu darajani. Kilipopita chini yao wakaona ndani. Dereva mpya, kijana mwenye miwani, alishika mkono wa mwendo. Kando yake, kwenye kiti cha msaidizi, alikaa Taratibu, amekumbatia mkono wa breki kwa mikono yote miwili. Treni ikalalamika, ikasimama karibu kabisa na ukuta.

"Amekonda," Mwalimu alisema.

"Kweli amekonda," alisema Mama Uzi, akaanza kushuka ngazi.

Alimkuta mumewe bado amekaa palepale. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu ikaonekana.

"Hawakuitengeneza," Taratibu alisema. "Ni ileile. Wamepaka rangi tu."

"Siku ile uliivuta?"

"Niliivuta hadi bega likateguka, mama watoto. Haikushika. Sasa inashika kidogo nikiwa nimeilalia hivi."

Dereva kijana alikuwa akifuta miwani. "Mama, bila mzee mimi siwezi kuisimamisha," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeripoti. Nikaambiwa mbona inasimama."

Mama Uzi alimtazama mumewe usoni. Alikuwa na uchovu ambao hakuwahi kumwona nao katika uhai wake wote.

"Njoo nyumbani upumzike," akamwambia.

Taratibu aliitazama mikono yake. "Kesho," akasema. "Nikifika hapo konani, nitashuka."

Mama Uzi alirudi nyumbani moyo mweupe, akafagia chumba, akatandika upande wa kitanda uliokuwa umelala mtupu. Alipokuwa akiuweka mto ndipo akili ilipomjia. Kona iko juu ya mteremko, na mteremko unaishia ukutani.

Asubuhi alikuwa ofisini kwa mkuu wa stesheni. Mkuu alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Tunajua yumo, mama," alisema. "Tunamshukuru sana."

"Leo anashuka. Msiitume treni."

"Treni haiwezi kuahirishwa kwa sababu ya marehemu."

"Basi tengenezeni breki. Na mseme kwamba halikuwa kosa lake."

"Ripoti ilishafungwa." Mkuu alinyoosha kalamu zake mezani. "Na breki, mama, kila siku inasimama. Wewe mwenyewe uko pale juu, unaiona."

Saa kumi ilipokaribia, hapakuwa na mtu darajani. Kinyozi alikuwa ukumbi wa tiketi akiwasukuma watu nje, Mwalimu akiwapigia kelele kama wanafunzi waliochelewa, na watu wakinung'unika kwamba watapoteza nafasi zao kwenye foleni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikataa kuondoka dirishani. Mama Uzi aliacha kumbembeleza. Akatoka hadi mwisho wa jukwaa, akasimama mbele ya ukuta, mahali ambapo mtu anayetoka konani hawezi kukosa kumwona.

Honi ilikwaruza, ikanyooka, haikukatika.

Treni iliteremka kwa mwendo ambao hakuna treni inayopaswa kuwa nao ndani ya stesheni. Vioo vya jukwaa vilitetemeka. Mama Uzi alimwona Taratibu, aliyeiachia breki konani, kwenye mlango ulio wazi, mguu mmoja tayari kwenye kidato cha kushukia, mkono umeshika nguzo. Naye akamwona mkewe, na nyuma ya mkewe, kupitia dirisha la ukumbi, akamwona mama aliyebeba mtoto. Mama Uzi hakumpungia mkono, wala hakutikisa kichwa. Aliogopa hata kupumua, asije akaonekana anamwita.

Taratibu akarudi ndani.

Chuma kililia hadi meno ya watu yakaingia ganzi. Kichwa cha bluu kikaja, kikaja, kikagusa ukuta kwa upole, kama mtu anayebisha hodi, kikatulia. Chokaa kidogo ikadondoka. Watu wakarudi ndani kugombania foleni.

Wiki iliyofuata wakubwa wa reli waliongeza unene wa ukuta. Walibandika pia tangazo darajani kwamba ni marufuku kutazama treni, kwa kuwa watazamaji huwatia abiria hofu. Watazamaji walilisoma, wakahamia upande wa pili wa tangazo, wakaendelea.

Mama Uzi hakuwa nao. Alikuwa ameshona glavu za turubai, zenye pamba ndani, na treni iliposimama alipanda nazo. Taratibu hakuweza kuiachia breki. Kwa hiyo alimvalisha hivyohivyo, akimbandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye chuma na kukirudisha kikiwa kimefunikwa, huku dereva kijana akitazama taa ya ishara, akiwaombea iendelee kuwa nyekundu.