Mtoto Aliyefutwa Kinyozini

Mjomba alijaza fomu za watu kwa mkono uleule uliotoka kunyoa vichwa. Alilamba kidole, akafunua ukurasa, na vinywele vya mteja vikabaki juu ya karatasi kama sisimizi waliokufa. Sheria hakuisomea. Alifagia korido za ofisi ya uhamiaji miaka miwili, basi. Wageni wakamwita Wakili, naye akaitika bila haya.

Miaka mitatu iliyopita, dada yangu alikuwa na siku nne tu tangu awasili nchi hii alipoketi kwenye benchi lake. Fomu ya kuomba vibali iliuliza ana watoto wangapi. Mjomba akaandika: hakuna.

"Lakini ninaye, Mjomba. Ana miaka sita, nimemwacha nyumbani kwa mama."

"Tulia wewe. Mwenye mtoto wanamwona mzigo. Pata vibali kwanza, mtoto utamwongeza baadaye."

Dada akatia sahihi. Nani abishane na mjomba wake?

Mwezi uliopita aliomba kumleta binti yake. Jibu likaja kwa barua ya mistari miwili: uliapa kwamba huna mtoto, huyu ni wa nani?

Nikamburuta kwa mwanasheria wa kweli, mama mmoja mkavu ambaye kwa miaka ishirini hakushika kesi nyingine ila za wahamiaji. Alisoma nakala ya ile fomu, akavua miwani.

"Nani alikujazia?"

"Mjomba wetu."

"Anafanya kazi gani?"

Dada akainama. Nikajibu mimi: "Kinyozi."

Hakucheka. "Mtoto angetajwa siku ile, angemfuata mama yake bila shida. Sasa tutaeleza kwa kiapo kwa nini mlidanganya, na juu yake kipimo cha damu kuthibitisha mtoto ni wako. Na aliyekushauri atajwe. Ukificha tena kitu, utamkosa mtoto na vibali vyako pia."

Dada akakataa kumtaja. Jina nikalitaja mimi. Yeye akatia sahihi kiapo huku analia, hati ikapelekwa siku hiyohiyo.

Habari ikamfikia Mjomba. Akatuita kinyozini. Tulimkuta kamwinamia mwanamke mgeni, fomu mapajani.

"Andika hujaolewa," anamwambia. "Mume utamtaja baadaye."

Baadaye ileile!

"Shikamoo, Mjomba."

"Kaa na shikamoo yako! Mimi niliyewapokea stendi, mkala kwangu, mkalala kwangu, leo mnanichongea serikalini?"

"Mama," nikamgeukia yule mwanamke mgeni, "una mume?"

"Ninaye."

"Basi mwandike. Huyu ni fundi wa vichwa, tena kwa nje tu." Nikampa namba ya mwanasheria. Mteja aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akapasuka kicheko. Mwanamke akakunja fomu yake, akatoka.

Mjomba akanisogelea, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi. "Piga magoti uniombe radhi. Na jina langu mkalifute kwenye hicho kiapo."

Dada akanivuta mkono. "Mwombe tu, yaishe. Ni mjomba."

Nilimtazama dada. Binti yake sasa ana miaka tisa, na kwenye simu ameanza kumwita "wewe" badala ya "mama".

"Jina halifutwi," nikasema. "Na radhi siombi. Si leo, si kesho, si mbele ya ukoo mzima. Siombi."