Gari Lililochaguliwa Kwenye Sengu

Jumapili ile Bonifasia alisonga ugali wa watu kumi na mmoja, akachemsha maharage, akakaanga usipa, dagaa wa ziwani, waliopanda na basi la asubuhi kutoka Mbamba Bay. Alijitwika vyote kwenye sinia akavipeleka kwa baba mkubwa Joakim, ambako ukoo wao hula pamoja baada ya misa na kuzungumza mambo yake. Wamatengo hukiita kikao hicho sengu. Taratibu zake si nyingi. Linazungumzwa jambo lililoletwa mkekani na si jingine, na watu wakishanawa mikono baada ya kula, jambo hilo limekwisha. Maji ya kunawa alimimina Bonifasia, kwa sababu ndiye aliyepika.

Jambo la siku hiyo lilikuwa gari. Kwa misimu mitatu ukoo mzima ulikuwa umeuza kahawa yake kwa pamoja na kumkabidhi fedha zote Mansuetus, mdogo wake Bonifasia, mnunuzi wa kahawa pale Mbinga mjini, mtu wa simu mbili na viatu visivyojua tope. Wazo la gari lilikuwa la Bonifasia mwenyewe. Mumewe Aidan alishushwa mlimani kwa machela siku ya mvua, akafia kwenye kona iliyo chini ya kijito cha pili. Sasa binti yao Celestina alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na hospitali walikwisha kumwambia kwamba huyu atazaa kwa kupasuliwa, asithubutu kujaribu nyumbani. Bonifasia alitaka pikapu ya kupanda hadi mlangoni, yenye nafasi ya kulaza mtu nyuma. Alilisema hilo kwenye sengu miaka mitatu nyuma, watu wakakubali, wakanawa.

Mansuetus aliingia na kitabu kikubwa cha karatasi za kung'aa.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo dada."

"Marahaba. Lete," alisema mzee.

Alikifungua juu ya mkeka. Ndani kulikuwa na gari la milango miwili, limelala chini kama bata anayeatamia.

"Gari hili lina madaraja matatu," alisema Mansuetus. "Mimi sitaki kuamua peke yangu, mtasema nina kiburi. Ukoo uchague."

Jamani, watu walichagua! Mtu akiheshimiwa namna ile atakataaje? Baba mkubwa Joakim alivaa miwani. Daraja la kwanza lilikuwa na viti vya kitambaa na injini ya kawaida. La pili lilikuwa na turbo na eksozi ya kunguruma. La tatu lilikuwa na vyote hivyo, tena viti vya ngozi vyenye kupasha joto. Walibishana kuhusu gia ya mkono na ya kujiendesha kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya mpaka wa shamba. Suala la pikapu lilikuwa mioyoni mwao wote, lakini halikuwa mkekani.

Bonifasia alijaribu kulipenyeza.

"Mansu, hili linapanda huku kwetu?"

"Dada, hiyo inategemea injini. Ndiyo maana tunachagua."

"Na mgonjwa atalala wapi?"

"Viti vya daraja la tatu vinalala nyuma kabisa, dada. Kama kitanda."

Basi Bonifasia akasema daraja la tatu. Baada yake wote wakasema daraja la tatu, rangi nyekundu, injini kubwa. Mansuetus alitia alama kwa kalamu, moja moja. Bonifasia akapitisha maji.

Jumatatu alikwenda shambani akakuta kahawa zilizokuwa zimeiva zimekuwa nyeupe. Zilikuwa tamu vilevile, ila wekundu haukuwepo. Alizichuma. Aliporudi alikuta ng'ombe wa baba mkubwa amesimama zizini bila ngozi, anacheua. Walimfunika blanketi kwa ajili ya nzi, na jioni akatoa maziwa yake kama kawaida. Kwenye majiko yote ya ukoo moto uliwaka vizuri, lakini haukuwa na joto. Bonifasia alitia mkono katikati ya ndimi akauona ni baridi kama maji ya kisimani, akajitwika sufuria akaenda kupika kwa jirani. Wote waliokuwa kwenye sengu walianza kupumzika mara tatu kwenye mlima waliokuwa wakiupanda kwa pumzi moja. Jumapili iliyofuata baba mkubwa Joakim, besi wa kwaya tangu ujana wake, alifungua mdomo kanisani na sauti haikutoka. Mwalimu wa kwaya alimsogeza nyuma, akaendelea.

Bwana shamba alikuja kuziona zile kahawa nyeupe. Aligeuza moja kiganjani, akauliza, "Nani hapa ameagiza gari?"

Walimweleza.

"Daraja la ngapi?"

"La tatu."

"Basi ndiyo hivyo," alisema akiandika. "Kule Tingi kuna ukoo uliagiza pikipiki tu, na mpaka leo majogoo wao hawawiki." Akapewa chai ya kwa jirani, akaondoka.

Gari lilifika mwezi wa kumi. Waliteremka wote hadi Mbinga kulitazama. Lilikuwa jekundu kwelikweli, na Bonifasia aliujua wekundu ule, ulikuwa wa mibuni ya upande wa juu, inayopata jua la asubuhi. Mansuetus alipowasha injini, sauti ya baba mkubwa Joakim ilitoka kwenye eksozi, nzito na safi, na mzee akavua kofia kwa kuiheshimu. Ngozi ya kiti cha kulia ilikuwa na lile baka jeupe la sikioni mwa ng'ombe wa baba mkubwa. Bonifasia aliketi cha kushoto. Kilikuwa na joto, na joto hilo lilinukia kuni za mparachichi, kuni zake alizozipasua kwa mkono wake.

Alihesabu viti. Vilikuwa viwili.

"Mansu, tupeleke nyumbani."

"Dada, huko juu haliendi. Chini litagusa."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Pikapu yangu iko wapi?"

Mansuetus alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni. "Dada, mlichagua wenyewe. Si ulipitisha maji?"

Bonifasia alifungua mlango akashuka. Moyo ulimuuma, ukamchoma. Mama yao alipofariki huyu alikuwa na miaka mitatu. Bonifasia alimbeba mgongoni akilima, akichuma, akienda kisimani, na hakuna siku aliyomtua chini ili apumzike. Angemwibia usiku kama mwizi, Bonifasia angemlaani na kulala. Lakini alimwibia mchana, mbele za watu, tena kwa kumuuliza anapenda rangi gani. Walirudi nyumbani kwa miguu, wakipumzika.

Celestina alishikwa na uchungu mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, mvua ikinyesha. Bonifasia alimpigia Mansuetus simu aje hata pale lami inapoishia. Mansuetus alikuwa Mbamba Bay. Barabara ile ya kuteremkia ziwani ina kona nzuri, alisema, na gari linazishika ajabu. Angejitahidi kuwahi.

Walimweka Celestina kwenye machela. Wabebaji walikuwa wanaume wanne wa ukoo, wenye moyo, lakini nguvu za miguu yao zilikuwa kwenye injini. Walipumzika mara saba. Kwenye kona iliyo chini ya kijito cha pili Celestina akawaambia wamtue. Akazaa palepale, kwa namna ambayo hospitali ilimkataza, na akapona. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, ila mdogo na wa baridi. Nyumba pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya ukoo wao. Walimwingiza, wakachochea jikoni, wakaongeza kuni mpaka ndimi zikagusa dari. Bonifasia alimkumbatia mtoto mbele ya moto ule mkubwa, akamsogeza, akamsogeza tena, na wote wawili wakatetemeka. Joto lilikuwepo, lakini lilikuwa Mbamba Bay. Adhuhuri mtoto aliacha kutetemeka.

Mansuetus alifika Mbinga jioni, akatuma rambirambi.

Jumapili baada ya maziko sengu ilikaa. Bonifasia alipika kwa jirani, akaleta. Mansuetus alikuja amevaa shati jeusi, akatoa pole kwa kila mmoja kwa jina. Kisha akafungua kitabu mkekani.

"Ni rimu tu," alisema. "Zilizopo ni za kawaida, zinaliaibisha gari. Nyeusi au za rangi ya fedha?"

Watu walitazama mkeka.

"Mansu," alisema Bonifasia. "Mimi nilikubeba."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hilo halikuwa jambo lililoletwa. Baba mkubwa Joakim, ambaye hakuwa na sauti, alivaa miwani akaweka kidole kwenye za fedha. Wengine wakasema za fedha. Wakala, ugali ukaisha.

Bonifasia alisimama, akachukua birika na beseni, akapita kwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Mansuetus alisita. Mansuetus alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, viganja juu, kama alivyokuwa akiinyoosha akiwa na miaka mitatu. Bonifasia alimmiminia maji. Akammiminia tena, taratibu, katikati ya vidole na chini ya kucha, mpaka mikono yake ikatakata kabisa.

Asubuhi yake mvi zote za Bonifasia, zile za rangi ya fedha, zilikuwa zimemtoka kichwani, nywele zimekuwa nyeusi tii. Jirani alimwambia amependeza. Bonifasia alimshukuru, akainjika sufuria kwenye moto wa mwenzake.